UKIFA UMEKUFA: Somo la Kuthubutu Kutoka Chini ya Bahari

Umeme haujakatika, mshahara umeingia, timu yake haijafungwa. Mbona basi mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima zake, amekaa mezani kama aliyefiwa? Ukimbembeleza sana anakujibu kwa sauti ya chini: "Nahodha wangu amezama." Kama mwenzi wako ni mpenzi wa magemu ya nyambizi, huenda jibu hilo unalijua. Usicheke kwanza. Ndani ya huzuni hiyo ya ajabu kuna somo ambalo wengi wetu tunalipata kwa gharama kubwa zaidi, kwenye biashara, barabarani na hata kwenye mapenzi.

Mwezi huu tunazungumzia gemu ambalo wachezaji wake wameamua kwa hiari yao kwamba kifo kiwe kifo. Hakuna kurudia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Gemu la wenye subira

Magemu ya kuiga maisha ya nyambizi yana umri kuliko baadhi yetu. Silent Service, kazi ya Sid Meier, ilitoka mwaka 1985. Mwaka 2005 kampuni ya Ubisoft ikatoa Silent Hunter III, iliyotengenezwa Romania, na mpaka leo ina watu wanaoicheza. Kuna pia UBOAT, iliyotengenezwa Poland, ambayo toleo lake kamili lilitoka mwaka 2024.

Katika Silent Hunter III wewe ni nahodha wa nyambizi ya Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia 1939 hadi 1945. Ukitarajia risasi kila dakika, utalala usingizi. Unasafiri siku nyingi ukiona maji tu, mpaka mchezaji analazimika kuiharakisha saa ya gemu. Siku moja moshi unaonekana kwa mbali. Hapo ndipo kazi inaanza: kukisia kasi ya meli, umbali wake na pembe yake, halafu kungoja gizani isogee.

Sasa sikia ugumu ulipo. Nyambizi ya aina ya VIIC, ambayo Wajerumani waliitumia kuliko zote, ilibeba torpido 14 tu. Ikiwa juu ya maji ilisukumwa na injini za dizeli. Ikizama ilitegemea betri, na mwendo wake wa juu kabisa huko chini ulikuwa kama kilomita 14 kwa saa. Ukikimbia kwa mwendo huo, betri zinakwisha haraka, na betri zikiisha huna ujanja, lazima uibuke. Kwa hiyo manowari za ulinzi zikishakugundua, kukimbia haiwezekani. Mnashuka chini zaidi, mnanyamaza kimya, mnasikiliza mapipa ya baruti yakilipuka huku na huku, na mnaomba Mungu.

Kiapo cha wakongwe

Gemu lenyewe lina huruma. Linakuruhusu kusevu safari yako, ili mambo yakiharibika urudi nyuma na kujaribu tena. Lakini wachezaji wengi wakongwe wanaikataa huruma hiyo. Wanajiwekea sheria moja: ukifa umekufa. Nahodha akizama, miezi yote uliyomlea, nishani zake, mabaharia uliowapandisha vyeo, vyote vinafutwa. Unaanza upya na kijana asiyejua kitu.

Wazo hili si la nyambizi peke yake. Rogue ya mwaka 1980 ilikuwa inamfuta mchezaji aliyekufa, na Diablo II ya mwaka 2000 ilikuwa na njia ya kucheza ambayo mhusika akifa harudi. Tofauti ni kwamba huku kwenye Silent Hunter III hakuna anayekulazimisha. Ni kiapo chako mwenyewe, na hakuna atakayejua ukikivunja usiku wa manane.

Kwa nini mtu ajitese hivyo? Jibu ni rahisi. Penye kitufe cha kurudi nyuma, hakuna uamuzi. Mtu anashambulia msafara wenye manowari sita za ulinzi mchana kweupe, kwa sababu akizama anarudi dakika kumi nyuma. Hana ushujaa wowote, ana bima. Mwondolee ile bima, mtu yule yule anaanza kuuliza maswali ya maana: Betri zimebaki kiasi gani? Upepo unaelekea wapi? Nikishapiga, natokea wapi?

Hilo swali la mwisho ndilo lenye thamani. Mchezaji mchanga anafikiria namna ya kuingia. Aliyekwisha kuzika manahodha watatu anafikiria namna ya kutoka.

Njaa na shibe

Ungedhani manahodha wengi wanazamishwa na adui mwenye nguvu. Lakini tazama namna gemu linavyokwenda, utaona kuna nyakati mbili ambapo nahodha anajiua mwenyewe.

Ya kwanza ni njaa. Chukulia umezunguka baharini wiki tano za gemu, hujapiga hata mtumbwi. Mafuta yamefika nusu. Ghafla unaona meli kubwa, imelindwa vizuri, na akili inakuambia uiache. Lakini utarudije bandarini mikono mitupu? Unaingia. Hutoki.

Ya pili ni shibe. Usiku umezamisha meli tatu, umebakiwa na torpido moja, na kunakaribia kupambazuka. Umeshashinda, nenda nyumbani. Lakini kule nyuma kuna meli moja imeachwa na wenzake, inajikongoja. Moja tu! Unageuza nyambizi. Wahenga walishasema, tamaa mbele, mauti nyuma.

Wataalamu wa tabia wameliona jambo hili bila hata kugusa gemu. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba kupoteza kunatuuma kuliko kupata kunavyotufurahisha, na kwamba mtu akishajiona yuko kwenye hasara, anakuwa tayari kufanya kamari ambayo angeikataa akiwa salama. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Naye Richard Thaler, akishirikiana na Eric Johnson, alionyesha mwaka 1990 kwamba aliyetoka kushinda naye anathubutu kupita kiasi, kwa sababu ile pesa mpya anaiona kama si yake.

Njaa na shibe, basi. Hebu toka baharini uangalie mtaani kwako. Kijana aliyeliwa kwenye kubeti wiki nzima anaweka kodi ya nyumba Jumapili ili arudishe. Huyo ni njaa. Dada ambaye duka lake la kwanza limekubali anakopa haraka haraka afungue mengine mawili kabla hata mkopo wa kwanza haujaisha. Huyo ni shibe. Dereva aliyesafiri salama kutoka asubuhi anasema saa tano usiku, "Si tumeshakaribia, twende tu." Huyo naye unamjua.

Ujuzi wa jana

Kuna mtego mwingine ambao gemu hili linautega vizuri, na limeunakili kutoka historia yenyewe. Nahodha anayeanza mwaka 1939 anajifunza mbinu zinazolipa: kuibuka usiku, kupenya katikati ya msafara, kupiga na kutoweka. Zinalipa mara moja, mara kumi, mpaka anaamini yeye ni bingwa. Wakati huo huo upande wa pili unajifunza. Rada zinaongezeka, ndege zinafika mbali zaidi, walinzi wanazoea. Mbinu ile ile iliyompa nishani inamuua.

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Günther Prien aliizamisha manowari Royal Oak ya Uingereza ndani ya ngome yake ya Scapa Flow mwezi Oktoba 1939, akawa shujaa wa Ujerumani nzima. Joachim Schepke na Otto Kretschmer walikuwa nyota kama yeye. Mwezi Machi 1941, ndani ya siku chache, wote watatu waliondoka vitani: Prien na Schepke walikufa, Kretschmer akakamatwa mateka. Hawakuwa wanagenzi. Walikuwa bora kuliko wote.

Mwezi Mei 1943 zaidi ya nyambizi 40 za Kijerumani zilipotea ndani ya mwezi mmoja, na kamanda wao, Karl Dönitz, akaziondoa Atlantiki ya Kaskazini kwa muda. Mchezaji mwenye busara akifika mwaka huo anabadilika: anashambulia mara chache, anakaa chini ya maji muda mrefu, anaridhika na meli moja. Mwenye sifa anaendelea na mtindo wa zamani. Safari moja, basi.

Jiulize na wewe: ni ujasiri gani ulikuwa unakulipa ukiwa na miaka 22, peke yako, chumba kimoja, ambao bado unautumia leo una mke na mtoto?

Waliokuwa hawana kitufe

Hapa tuzungumze kwa heshima. Takriban watu 40,000 walitumikia kwenye nyambizi za Ujerumani katika vita ile, na karibu 30,000 hawakurudi. Kati ya wanne, watatu. Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, na walikuwa wanapigania utawala wa Hitler. Waliozamishwa nao, mabaharia wa meli za mizigo, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Wala usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imejaa watu zaidi ya 1,500, wakiwemo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga kwa torpido. Ilizama kwa dakika chache tu. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, zikaisaka ile nyambizi, na baadhi ya mabomu yakaangushwa mahali ambapo walionusurika walikuwa bado wanaelea. Nyambizi ilizamishwa. Karibu watu 1,300 wa Khedive Ismail walikufa.

Fikiria nahodha wa Petard siku ile. Aiache nyambizi ikazamishe meli nyingine zilizojaa watu, au apige wakati watu wake wako majini? Hakuna gemu linaloweza kumpa mtu uzito wa uamuzi ule. Kifo cha kwenye kompyuta kinauma jioni moja, kesho unaanza na nahodha mpya. Kwa hiyo wale wanaosema gemu limewafundisha kuthubutu, tuwaulize: limekufundisha pia kuhesabu waliomo ndani ya nyambizi yako?

Maana hilo ndilo jambo la msingi. Nahodha hazami peke yake. Nyambizi ya VIIC ilikuwa na watu zaidi ya 40. Anayeweka kodi kwenye mkeka wa kubeti ana watu ndani. Anayekesha barabarani ana watu ndani, hata kama kwenye gari yuko peke yake.

Mkiwa wawili ndani ya nyambizi moja

Tufanyeje sasa? Wakongwe wa gemu wana desturi ambazo zinafaa kabisa kuhamishiwa nyumbani.

Kwanza, amueni mkiwa bandarini. Nahodha mzuri anapanga kabla ya kuondoka atageuka nyumbani mafuta yakifika wapi. Nanyi pangeni mapema, mkiwa hamna presha: akiba isiyoguswa ni kiasi gani, na biashara ikila hasara kiasi gani tunaifunga.

Pili, taja njaa na shibe kwa majina. Mwenzako akianza kusema "lazima nirudishe" au "moja tu ya mwisho", mwambie kwa upole, "Baba nanihii, hiyo ni njaa," au "Mama, hiyo ni shibe." Neno lenye utani linaingia pale ambapo ukali haungeingia.

Tatu, msikilize anayesikiliza. Kwenye nyambizi yuko baharia mwenye vifaa masikioni ambaye haoni kitu ila anasikia walinzi wakija. Katika ndoa nyingi mmoja wenu ndiye mwenye masikio hayo. Akisema "sipendi hii", usimjibu kwamba hana ushahidi.

Nne, chezeni pamoja. Gemu la Wolfpack linawaruhusu watu kadhaa kuendesha nyambizi moja, kila mtu na kazi yake. Utamjua mwenzi wako kwa saa mbili kuliko kwa chakula cha jioni mara kumi: nani anapiga kelele, nani ananyamaza, nani anakubali kuongozwa.

Na akizamishiwa nahodha wake, mpe kikombe cha chai na umwache anyamaze kidogo. Akishatulia muulize swali moja tu: wakati ule ulikuwa na njaa, au ulikuwa umeshiba? Akikujibu kweli, hasara yake imeshaanza kulipa.