Ufunguo wa Umma Uhakikiwe Kabla ya Kuaminiwa

Saini nyingi za kielektroniki huthibitishwa kwa ufunguo wa umma unaotokana na mkunjo wa eliptiki. Ufunguo huo ni nukta moja juu ya mkunjo, na huweza kuandikwa kwa miundo tofauti.

Kwa mkunjo wa P-256, muundo kamili una baiti 65 na huanza na 04. Uliofupishwa una baiti 33 na huanza na 02 au 03. Programu inayotambua muundo mmoja tu huukataa mwingine, ingawa ufunguo ni uleule.

Hatari kubwa zaidi ni kuukubali ufunguo bila uhakiki. Tarehe 14 Januari, 2020, kampuni ya Microsoft ilirekebisha kasoro ya Windows iliyoripotiwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani (NSA). Windows haikuhakiki vigezo vyote vya mkunjo vilivyoandikwa ndani ya cheti, hivyo mhalifu aliweza kutengeneza cheti bandia kikaonekana halali.

Waandaaji wa programu wanashauriwa kukubali mikunjo inayotambulika kwa jina pekee na kuthibitisha kuwa nukta iliyopokelewa imo kwenye mkunjo. Wananchi nao wanahimizwa kusasisha vifaa vyao kila marekebisho yanapotolewa.