Fahamu: Kwa nini kijana wa sekondari anasinzia darasani

Kengele za mabweni mengi nchini Kenya hulia kabla ya alfajiri. Mwanafunzi huoga upesi, huenda kudurusu, hula kifungua kinywa, kisha masomo huanza. Jioni kuna michezo, usafi na chakula, halafu prepu, yaani kudurusu, hadi usiku.

Sheria haikukusudia hivyo. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 9:30 alasiri, na kwa shule za bweni zikatenga muda wa kulala kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18, kwa hiyo kanuni ziko sawa. Shida ni utekelezaji.

Wazazi wengi hulaumu simu, na kweli simu huchelewesha usingizi wa wanaolala nyumbani. Lakini mwili wenyewe una sehemu yake: wakati wa kubalehe, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutolewa usiku zaidi kuliko utotoni. Kumwamsha kijana saa 10:30 alfajiri ni kumkata usingizi katikati, na ubongo usiopumzika haushiki vizuri yaliyosomwa. Kusinzia darasani si uvivu, wala si kosa la kuadhibiwa.

Jimbo la California, Marekani, lilichukua hatua: tangu Julai 2022, shule nyingi za sekondari ya juu haziruhusiwi kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi.