Mwalimu wa Afya Asiteuliwe Tu, Asomeshwe

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania yupo mwalimu anayeitwa mwalimu wa afya. Kwa kawaida hakuiomba kazi hiyo wala hakuisomea. Mwalimu mkuu humpangia, kama wengine wanavyopangiwa michezo au stoo, na tangu siku hiyo vyoo, kucha za wanafunzi, sanduku la huduma ya kwanza na mtoto aliyezimia mstarini vinakuwa vyake. Ikifika siku ya dawa za kichocho, yeye ndiye anayemsimamisha mtoto kwenye ubao wenye alama, akasoma urefu wake na kumpa idadi ya vidonge inayolingana na alama hiyo. Kabla ya hapo inampasa ahakikishe kila mmoja amekula, maana dawa ile ikikuta tumbo tupu humletea mtoto kichefuchefu na kizunguzungu. Kazi ya uzito huu mara nyingi huandaliwa kwa semina fupi na posho ya nauli. Naona wakati umefika wa kuiacha desturi hiyo. Mwalimu mwenye leseni anayekabidhiwa afya ya wanafunzi apewe masomo kamili, yenye mazoezi na mtihani, na sifa hiyo itambuliwe rasmi na mamlaka iliyompa leseni.

Udhaifu wa njia ya mkato umeshapimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1998, wilayani Busia, magharibi mwa Kenya, ulianza mradi wa dawa za minyoo katika shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walioufuatilia waliona kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizopata dawa. Matokeo hayo yalisifiwa duniani kote. Lakini mradi ule ulikuwa na sehemu ya pili isiyotajwa sana: mwalimu mmoja wa kila shule iliyopata dawa alihudhuria mafunzo ya siku moja ili awafundishe watoto kunawa mikono, kuvaa viatu na kutoingia kwenye maji yenye vimelea. Sehemu hiyo haikuleta badiliko la tabia lililoweza kuonekana. Kidonge kilifanya kazi yake. Somo halikufanya yake. Na kidonge pekee hakimalizi kazi, kwa sababu mtoto aliyepona leo akirudi kwenye maji yale yale ataambukizwa tena.

Sababu inaonekana wazi ukilitazama somo lenyewe la kichocho. Mtoto akiambiwa tu kwamba maji machafu yana magonjwa, atajibu mtihani vizuri, kisha atakwenda kuogelea kwenye maji yanayoonekana safi. Hajaelezwa kwamba vimelea vya kichocho haviingii kwa kunywa tu. Yai hutoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa, huanguliwa majini, kiluwiluwi humwingia konokono, hukua na kuzaana humo, kisha hutoka kwa wingi jua linapowaka na kumtoboa mtu ngozi ndani ya dakika chache. Maji hayahitaji kuwa na tope wala harufu. Kuchemsha maji ya kunywa hakumkingi anayefua kwa kusimama ziwani mpaka magotini. Mwalimu anayeujua mzunguko huu anaweza kuwauliza wanafunzi wanaoga wapi, saa ngapi, na choo cha karibu kiko umbali gani, somo likaanzia hapo. Asiyeujua atawaandikia ubaoni kwamba usafi ni muhimu.

Kwenye elimu ya uzazi na UKIMWI pengo kati ya somo na tabia ni kubwa zaidi. Mkoani Mwanza mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, uliwaandaa walimu wa darasa la tano hadi la saba kufundisha afya ya uzazi, ukajaribiwa katika jamii 20. Huo ulikuwa na maandalizi bora kuliko semina za kawaida, na ujuzi wa vijana uliongezeka kweli, ukadumu kwa miaka. Hata hivyo, maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na mimba havikupungua kwa namna ya kutegemewa. Jambo hili lisifichwe na anayetetea mafunzo ya walimu. Kinachofundishwa darasani hushindana na umaskini na mila, na pia na wanaume wenye fedha, na hakuna mwalimu atakayevishinda vyote peke yake.

Pingamizi zito zaidi linatoka tena magharibi mwa Kenya. Kuanzia 2003, shule 328 ziliingizwa katika utafiti ambao sehemu yake ilikuwa kuwafunza walimu mtaala wa taifa wa UKIMWI. Mafunzo hayo peke yake hayakupunguza mimba za wasichana kwa kiwango cha maana. Katika baadhi ya shule hizo, mtu wa mradi aliingia darasani kwa dakika 40 tu, akawaonyesha wanafunzi kwamba wanaume watu wazima wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko wavulana wa rika lao. Mtafiti Pascaline Dupas aliona kwamba mimba katika shule hizo zilipungua kwa asilimia 28. Basi kwa nini tuhangaike na walimu, ikiwa mgeni wa dakika 40 aliwashinda? Kwa maoni yangu jaribio lile linaeleza hasa kile ambacho mwalimu hakupewa. Mtaala ulisisitiza kujizuia mpaka ndoa. Mgeni alileta taarifa ambayo wasichana walikuwa hawana na waliihitaji. Kutambua taarifa gani inakosekana, kwa nani na katika umri gani, ni ujuzi wa kusomewa. Tena mgeni huondoka jioni, na mwanafunzi mwenye swali la pili anabaki na mwalimu wake.

Finland ilichagua njia ndefu. Mwaka 2001 sheria iliifanya elimu ya afya kuwa somo linalojitegemea. Walimu waliokwisha kuhitimu, wengi wao wa baiolojia, michezo na maarifa ya nyumbani, walirudi vyuoni kuchukua masomo ya ziada yanayolingana na mwaka mzima wa chuo kikuu ndipo wahesabiwe kuwa na sifa, na wakapewa kipindi cha mpito cha kufanya hivyo. Kenya nayo ilianzisha Elimu ya Afya kama somo katika sekondari msingi mwaka 2023, kisha mwaka uliofuata likamezwa na Sayansi Jumuishi ili kupunguza idadi ya masomo. Mzigo wa wanafunzi ulikuwa hoja ya haki. Hata hivyo, somo lisilo na walimu waliosomeshwa kwa ajili yake halina wa kulitetea linapowekwa mezani.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya muuguzi. Muuguzi anahitajika sana, lakini zahanati nyingi za vijijini zina upungufu wa watumishi, na kutibu hakumfanyi mtu ajue kufundisha darasa la watoto 80. Wazazi wanaohofia kwamba watoto watafundishwa yasiyofaa wana haki ya kusikilizwa, na hofu yao itapungua wakikutana na mwalimu aliyesomea mipaka ya umri na namna ya kuzungumza na familia. Kuhusu gharama, hakuna haja ya ajira mpya: mwalimu mmoja katika kila shule, anayesoma wakati wa likizo kwa moduli kupitia vyuo vya ualimu vilivyopo, apunguziwe vipindi vingine na kazi hiyo ihesabiwe anapopandishwa daraja.

Tanzania ina Bodi ya Kitaalamu ya Walimu iliyoundwa kwa sheria ya 2018, na Kenya ina Tume ya Huduma za Walimu. Vyombo hivi viwili vina mamlaka juu ya usajili wa walimu. Viiweke elimu ya afya kuwa sifa inayosomewa, viseme ni saa ngapi za masomo na mazoezi zinazotakiwa, na vitangaze tarehe ambayo baada yake hakuna mwalimu atakayepangiwa afya ya watoto bila kuisomea.