Chemchemi inakauka sababu gani?

Huku Haut-Katanga, mfano kule Kakontwe ya Likasi, chini ya udongo kuko mawe ya chokaa. Maji ya mvua yanapita mu mipasuko yake mpaka kwenye chemchemi. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hainyeshi. Chemchemi inaishi na akiba tu. Mvua ikiwa kidogo, akiba nayo inapunguka. Wenye pompi wakivuta usiku na mchana, maji yanashuka chini ya mdomo wa chemchemi: inakauka, hata kama kisima kingali na maji.

Kila juma mupime: ndoo ya litre 20 inajaa kwa sekunde ngapi? Ilikuwa 20, sasa 40? Maji yamebaki nusu. Mupange zamu ya kumwangilia mboga mapema, mbele ya kugombana.