GARI LA KUVUTWA NALO LINATAKA BREKI!

Msomaji wangu, ukimwona mtu kang'ang'ania usukani wa gari linalovutwa kwa kamba, usimcheke. Muombee dua. Mimi yamenikuta.

Jumamosi moja tulikwenda Mbegani, washikaji wanne, kumtembelea mwenzetu anayesoma chuo cha uvuvi. Samaki tulikula, upepo wa bahari tukapunga. Saa ya kurudi Dar, gari likagoma. Mkanda wa taiming kwishnei! Bredauni tukaiona ghali, tukamwomba jamaa mwenye pikapu atuvute. Kamba yenyewe ya kufungia mashua, urefu hatua mbili tu. Nikajifanya dereva bingwa, nikashika usukani. Nyuma ya pikapu akakaa kijana mmoja, miguu inaning'inia nje.

Basi bwana, Zinga tukapita salama. Mbele kidogo daladala likasimama ghafla, pikapu nayo ikafunga breki. Nikakanyaga na mimi. Loo! Pedeli ngumu kama jiwe. Nikapiga kelele, "Dogo, pandisha miguu!" Akaikunja, na papo hapo puu! Tukagonga pale pale ilipokuwa miguu yake. Aliniangalia tu, hakusema neno. Yale macho nayaota mpaka leo.

Fundi wa mtaani kwetu alinipa somo huku anacheka. Breki za gari dogo zinasaidiwa na buusta, nayo inategemea injini inavyovuta hewa. Injini ikizima, msaada unabaki wa kukanyaga mara moja au mbili, basi. Kinachofuata ni nguvu za mguu wako. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unajifunga kabisa.

Wenzetu Marekani wanaotembea na gari-nyumba huvuta kigari nyuma, magurudumu yote manne chini. Lakini si kwa kamba! Wanafunga chuma kigumu, minyororo ya akiba, waya wa taa, na kifaa kinachokanyaga breki za kigari pale gari la mbele linapofunga. Chuma kikichomoka, kuna kiwaya kinachofanya kigari kijifunge breki chenyewe.

Sisi tusio na vifaa hivyo tufanyeje? Tafuta chuma cha kuvutia. Ukikosa, kamba iwe imara na ndefu, na katikati ifungwe kitambaa chekundu. Ufunguo usichomolewe, gia iwe huru, taa za hatari ziwake, mwendo wa kinyonga. Wa nyuma aanze kukanyaga mapema, kamba isilegee. Gari la otomatiki usiliburute: pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini, ikizima giaboksi inakauka na kuungua. Lipakie juu ya lori.

Na nyuma ya pikapu asikae mtu, hata akikuapia kwamba kazoea.

Bredauni siku ile tuliiona ghali. Nikiikumbuka ile miguu, naona ilikuwa bei ya kutupwa.