Dhima ya Hasara katika Mauzo ya Shehena: Maana ya CIF Dar es Salaam

Makala haya yanakusudia kueleza ni wakati gani hasara ya bidhaa zilizo safarini huacha kuwa ya muuzaji ikawa ya mnunuzi. Tunatumia istilahi *dhima ya hasara* badala ya *hatari*, kwa kuwa hatari katika Kiswahili cha kawaida ni lile jambo lenyewe linalotisha, kama vile dhoruba au moto. Sheria huuliza jambo jingine: hasara hiyo ataibeba nani?

Tuchukue gari lililotumika linalonunuliwa Japani kwa masharti ya CIF Dar es Salaam, yaani bei inayojumuisha gharama, bima na nauli. Aonapo jina la Dar es Salaam, mnunuzi hudhani kwamba muuzaji anawajibika mpaka gari lishushwe bandarini. Sivyo. Bandari inayotajwa ni kikomo cha nauli tu. Dhima ya hasara humhamia mnunuzi gari linapopakiwa melini, tuseme kule Yokohama.

Sheria ya Uingereza ya Uuzaji wa Bidhaa ya 1893, ambayo ndiyo asili ya Sura ya 214 ya Tanzania na Sura ya 31 ya Kenya, inasema kuwa dhima hufuata umiliki, isipokuwa wahusika wakubaliane vinginevyo. CIF ni makubaliano ya namna hiyo. Kwa kawaida umiliki hungoja mnunuzi akabidhiwe hati ya shehena; dhima haingoji. Katika kesi ya Manbre Saccharine dhidi ya Corn Products, iliyoripotiwa 1919, meli iitwayo Algonquin ilikuwa imezamishwa Machi 1917. Jaji McCardie alieleza kwamba muuzaji anaweza kukabidhi hati na kudai bei hata kama anajua shehena imekwisha kupotea. Muuzaji yule alishindwa, lakini mojawapo ya sababu ni kwamba hati zake za bima hazikutimiza masharti ya mkataba.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho. Kwa kanuni za Incoterms, muuzaji wa CIF hulazimika kukata bima ya kiwango cha chini tu, kwa asilimia 110 ya bei. Bima hiyo hufidia meli ikizama, ikiungua au ikigongana, wizi haumo. Anayekuta redio imeng'olewa, naye hawezi kuthibitisha kwamba iling'olewa kabla ya kupakiwa, hana dai kwa muuzaji wala kwa bima.

Mkataba wa Vienna wa 1980, ambao Uganda ilijiunga nao 1992 na Burundi 1998, unaanzia mbali zaidi na bahari. Pasipo mahali maalumu palipokubaliwa, dhima huhama bidhaa zinapokabidhiwa mchukuzi wa kwanza. Kwa nchi zisizo na pwani tofauti hiyo si ndogo. Kahawa ya Kampala ikiuzwa hivyo, na lori la mchukuzi wa kukodiwa likapinduka kabla ya kufika Mombasa, hasara ni ya mnunuzi aliye ng'ambo. Ikiuzwa kwa masharti ya kupakiwa melini Mombasa, hasara ileile ni ya muuzaji.