Kukatiza na Kukatisha: Istilahi za Ishara katika Programu za Lugha Mbili

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akihesabu viambishi katika matini ndefu kwa programu ya Python, ambayo nayo iliita kazi zilizoandikwa kwa C. Alipotaka kuisimamisha, alibonyeza Ctrl na C. Kimya. Akabonyeza tena, kisha akachomoa waya wa umeme. Faili la matokeo likaharibika. Alikuwa amefundishwa kwamba vitufe hivyo "hukatisha programu".

La hasha. Katika mfumo wa Linux vitufe hivyo hutuma SIGINT, ishara namba 2. Ishara hiyo huweza kufika wakati C imo katikati ya kugawa kumbukumbu, na kufanya kazi nzito wakati huo kungeweza kuvuruga data. Kwa hiyo Python huweka tu alama kwamba ishara imefika, na kazi huendelea. Alama husomwa baadaye, katika uzi mkuu, baina ya agizo moja la Python na jingine; hapo ndipo huzuka hitilafu iitwayo KeyboardInterrupt. Iwapo C imeshika uzi huo kwa dakika 10, ishara nayo itangoja dakika 10. Ndiyo maana mwandishi wa C hana budi kuita PyErr_CheckSignals kila baada ya kitambo. Akijibiwa -1, aachilie alivyovishika na kurejesha hitilafu kwa Python.

Ishara hii, basi, ni hodi. Bawabu ameisikia, lakini mwenye nyumba bado yuko shambani.

Hapa sarufi yetu inatufaa kuliko tunavyodhani. Kutokana na kitenzi *kata* tunazo *katiza* na *katisha*, ingawa wasemaji wengi huzichanganya. Anayekatizwa katika mazungumzo huweza kumalizia sentensi yake, au hata kumpuuza aliyemkatiza. Safari iliyokatishwa haifiki. SIGINT hupokelewa, na programu huweza kuipuuza. SIGKILL, namba 9, haipokelewi wala haizuiliki: kiini cha mfumo huiondoa programu bila kuiuliza. Napendekeza ya kwanza iitwe ishara ya kukatiza, ya pili ishara ya kukatisha, na sehemu ya programu inayoijibu ishara iitwe kipokezi. Wapo watakaosema tofauti ya *z* na *sh* ni ndogo mno kubeba mzigo huu. Mwanafunzi wangu alirudia hesabu yake tangu mwanzo.